Mama Kijani na Asilimia Saba

Tuanze na vidole, maana ndivyo vilivyompa jina. Vidole vitatu vya mkono wake wa kulia vilikuwa vya kijani, kijani hasa, hata akivisugua kwa sabuni ya unga na ndimu. Miaka ishirini na tisa mama huyu alikuwa akipaka rangi ramani za serikali: buluu kwa maji, hudhurungi kwa milima, na kijani kwa ardhi iliyohifadhiwa, yaani misitu, mbuga na mabwawa ambayo sheria imesema mtu asiyaguse. Wenzake ofisini wakamwita Mama Kijani, naye akaitika. Mtoto wa kumzaa hakuwa naye. Hilo "Mama" alipewa na kazi.

Aliingia pale akiwa mfagizi, na hakuwahi kulificha hilo. Alikuwa akifagia chini ya meza za wachora ramani, akijichelewesha makusudi ili aitazame mikono yao. Siku moja mchoraji mzee mmoja, aliyekuwa amebanwa na mafua, akamwambia, "Wewe binti, hebu nishikie rula hii nipenge kamasi." Akaishika. Ndiyo ikawa imetoka hiyo. Ufagio ulitafutiwa mtu mwingine.

Yule mzee alimfundisha mambo mengi, lakini alikuwa na moja la kulirudia kila siku: mchora ramani akidanganya, kuna mtu mahali fulani atatumbukia mtoni akidhani ni barabara. Neno hilo lilimwingia binti mpaka kwenye mifupa. Akawa mkweli kupita kiasi. Unawajua watu wa aina hiyo, wale wa kukwambia gauni halijakukaa wakati umeshalivaa na gari la kukupeleka harusini linapiga honi nje. Wenzake walimpenda, sikatai, ila kwa mbali kidogo.

Kompyuta zilipoingia, wachoraji wote walistaafishwa. Alibaki yeye peke yake, kwa sababu Waziri wa Mazingira alipenda ramani iliyochorwa kwa mkono. "Ina roho," alisema. Basi hiyo roho ikapewa chumba kimoja cha chini chenye dirisha dogo, bomba linalovuja, na meza ya kioo yenye taa chini yake.

Sasa sikiliza habari ya asilimia thelathini.

Mataifa yalikutana huko mbali, kwenye ukumbi wa zulia zito, yakakubaliana kwamba wanyama, ndege na mimea vinakwisha duniani. Hilo ni kweli tupu, asikudanganye mtu. Yakawekeana lengo: asilimia thelathini ya ardhi ihifadhiwe kabla ya mwaka waliouandika. Waziri akanyoosha mkono kabla ya wenzake, akasema nchi yake itafika thelathini, tena mapema. Wakampigia makofi. Na mtu akishapigiwa makofi, kurudi nyuma inakuwa kazi.

Aliporudi akaziagiza idara tatu, Misitu, Maji na Wanyamapori, kila moja ilete jumla ya maeneo yake. Zikaleta. Kompyuta ikajumlisha. Thelathini na nukta nne! Watu wakakumbatiana kwenye korido. Fulana zikachapishwa, keki ikakatwa, na Mkurugenzi, mtu wa tai nzuri na kicheko cha kuazima, akashuka mwenyewe kwenye chumba cha bomba linalovuja.

"Mama, tunataka ramani kubwa, ijaze ukuta mzima. Wataalamu kutoka nje wanakuja baada ya wiki tatu kukagua ripoti yetu. Nataka wakiingia wakutane na kijani."

"Utapata kijani, bosi," akamjibu.

Akazitandaza karatasi za zile idara juu ya kioo, akawasha taa. Lazima ujue kwamba idara zile hazijawahi kukaa meza moja. Misitu haisalimiani na Maji tangu wagombanie magari, na Wanyamapori huwaona wote wawili kuwa washamba. Kila idara ilichora ya kwake ikafungia kabatini. Siku ile, kwa mara ya kwanza, karatasi zao zililala moja juu ya nyingine, mwanga ukapita katikati, na Mama Kijani akaona. Msitu mkubwa wa mlimani ulikuwa umehesabiwa na Misitu kwa sababu una miti. Maji nao wameuhesabu kwa sababu una chemchemi. Wanyamapori wakauhesabu mara ya tatu kwa sababu una nyani. Na si huo tu. Akisogeza kidole anakuta mwingine, akisogeza anakuta mwingine.

"Mungu wangu," akasema peke yake. "Binti mmoja, posa tatu."

Mwingine angezima taa akaenda kunywa chai. Yeye akatumia ufundi wa zamani aliorithi kwa yule mzee. Ukitaka kujua ukubwa wa eneo lenye kona nyingi, unalichora kwenye karatasi nzito isiyopishana unene, unalikata kwa wembe, unalipima kwenye mizani. Akaikata nchi nzima. Akaichukua ndani ya bahasha hadi kwa sonara wa mtaa wa nyuma, mwenye mizani ya kupimia pete. Nchi ilikuwa na uzito wa gramu mia mbili. Kisha akakata vipande vya kijani, kila msitu mara moja tu, akavirundika kwenye sahani. Gramu arobaini na sita. Sonara akamwuliza kama ni dhahabu ya aina gani hiyo. Asilimia ishirini na tatu, akamjibu, akavirudisha vipande kwenye bahasha, akarudi ofisini.

Wa kwanza kumwambia alikuwa mpiga chapa, mwanamke mwenzake aliyekula naye kila mchana.

"Dada, funika kombe mwanaharamu apite," mpiga chapa akamwambia. "Uongo huo umemuumiza nani? Kuna aliyelala njaa? Miti yenyewe haijui kuhesabu."

"Lakini haipo, mwenzangu. Asilimia saba nzima haipo."

"Haipo kwako wewe uliyekwenda kupima makaratasi kwa sonara. Ulimi uliponza kichwa, shauri yako."

Mkurugenzi naye hakupiga kelele. Alimsikiliza mpaka mwisho, akakunja mikono. "Mama, umebakiza miezi mingapi kustaafu?"

"Kumi na minne."

"Basi chora."

Akachora. Lakini siku ya mkutano aliitwa kuja kusimama kando ya ramani yake, apigwe picha nayo. Wataalamu walikuwa wanne, na kiongozi wao, mwanamke mrefu mwenye miwani, alipomaliza kupitia ripoti akauliza kama kuna mwenye neno la kuongeza. Lilikuwa swali la adabu tu, kama vile unavyomwambia mgeni karibu tena. Mwenye akili hajibu swali la namna ile. Mama Kijani akatoa bahasha chini ya kwapa, akavimwaga vipande vyake mezani, akasema, "Mimi nina neno."

Akaeleza. Mkurugenzi akawa anaangalia tai yake. Mgeni alivishika vile vipande kimoja kimoja, akauliza maswali mawili, halafu akasimama akampa mkono, mbele ya watu wote. Katika ripoti thelathini ikafutwa ikaandikwa ishirini na tatu, na pakaongezwa aya nzima ya kusifu uaminifu wa mtumishi mmoja wa ofisi ya ramani.

Siku ile alitembea kama msichana. Alimpigia simu mama yake.

Hapa ni lazima nikueleze kwao. Kwao ni bonde lenye nyumba saba, na kijito kinachokunja kiwiko mbele ya nyumba ya mama yake. Nyuma ya nyumba kuna chemchemi inayolisha kile kijito, na kuizunguka chemchemi kuna msitu mzito, ambao watu wa zile nyumba saba waliutunza wenyewe. Hakuna aliyewatuma, hakuna aliyewalipa. Zamani bibi mmoja wa ukoo aliwahi kuona chemchemi ikikauka baada ya miti kukatwa, akawaambia wanawe wasije wakarudia ujinga ule, basi wakashika. Mama yake Mama Kijani alikuwa mkali wa hilo kuliko wote. Mtoto akivunja hata fimbo ya kuchezea kule ndani alichapwa nayo. Kulikuwa na kima, vyura wa kila sauti, na ndege wadogo wa kifua chekundu ambao hata kwenye vitabu vya ofisini Mama Kijani hakuwahi kuwaona.

"Msema kweli mpenzi wa Mungu," mama yake akamwambia kwenye simu. "Hata nikifa leo nimekulea." Na mdogo wake wa kiume, aliyekuwa akiishi pale na mama, akapokea simu akicheka: "Dada, sasa umekuwa mtu mkubwa!"

Kumbe.

Ile asilimia saba ilikuwa imekwisha kuahidiwa, bwana. Makofi yalishapigwa. Ikiwa haipo kwenye karatasi, basi ikatafutwe kwenye ardhi, tena ndani ya miezi minane. Kamati ikaundwa. Wakatazama mashamba makubwa ya miwa: hapana, wale wana wanasheria. Wakatazama kwenye migodi: hapana, hapo hata usinyooshe kidole. Wakatazama ardhi tambarare iliyokwisha kuwa vumbi: haina kitu cha kuhifadhi. Ikabaki ardhi ya watu wasio na hati, na katika hiyo wakatafuta yenye miti mingi. Kanuni ikaandikwa: eneo liwe na uoto wa asili usiopungua nusu, na kwenye ramani pasionekane makazi.

Orodha ikashuka kwenye meza ya kioo, maeneo thelathini na manne, bila majina, tarakimu tupu za kuonyesha kona za mipaka. Mama Kijani akazisoma tarakimu, akaweka nukta, akaunganisha kwa wino. Mkono wake haukuwa na haraka wala wasiwasi. Alimaliza mistari yote siku ya Jumanne. Jumatano akaanza rangi. Alikuwa kwenye eneo namba kumi na tisa, brashi inafuata kijito, ndipo kijito kikakunja kiwiko, na mkono ukasimama. Mkono ulijua kabla yake.

Nyumba saba zilikuwa wapi? Nitakwambia zilikuwa wapi. Ofisi ile ina kanuni ya zamani: kwenye ramani ya kiwango kile, nyumba zikipungua kumi hazichorwi, zinajaza karatasi bure. Miaka ishirini nyuma, yeye mwenyewe ndiye aliyechora karatasi ya bonde lile. Alifika kwa mama yake, akahesabu saba, akacheka kidogo, akaendelea mbele. Alijisifia hata, kwamba hakumpendelea mama yake. Mtu mwongo angechora nyumba tatu za ziada, na leo hii zingekuwa zimewaokoa. Ukweli wake ndio uliolifanya bonde liwe tupu.

Alipanda ngazi hata viatu hakuvaa sawasawa.

"Bosi, namba kumi na tisa kuna watu."

"Wangapi?"

"Nyumba saba."

Mkurugenzi akaifungua ile karatasi ya zamani, akaipitisha kidole. "Sizioni. Nani alichora hii?"

"Mimi."

"Sasa?"

"Yumo mama yangu, bosi. Mama yangu mzazi."

Mkurugenzi akaikunja ile karatasi. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi. Angekuwa mbaya ningepata wa kumtukana. "Watapewa viwanja kwingine," akasema. "Tambarare."

Hapo ndipo Mama Kijani alipofanya jambo ambalo angekutabiria mtu mwaka mmoja kabla ungempiga kibao. Alishika ukingo wa meza akasema, "Rudisha ile thelathini na nukta nne."

"Unasemaje?"

"Rudisha ile ya mwanzo. Nitaandika kwamba nilikosea. Nitasema mizani ya sonara mbovu, macho yangu mabovu, mimi mwenyewe nimechanganyikiwa, sema lolote. Nifukuzeni kazi. Turudie ile hesabu ya mwanzo, bosi, nakuomba."

Mkurugenzi alimtazama, na wala hakuwa na hasira. Alimwonea huruma, na kuonewa huruma na mtu kama yule ni msumari. "Mama, ule ulikuwa uongo mzuri. Haukumhamisha mtu hata mmoja. Nilikuomba uuache ukaukataa mbele ya wageni. Sasa ripoti yao imekwisha kutoka, na jina lako limo."

Alishuka akajifungia katika chumba chake akalia, akalia kwa sauti kama mtu aliyefiwa, na mpiga chapa akasimama nje ya mlango asijue abishe au aondoke.

Siku mbili baadaye mdogo wake akapiga simu. Hakuwa akicheka. "Dada, kuna watu wamepita hapa wakipigilia vigingi vyekundu. Wamesema mwisho wa mwaka tuwe tumehama. Mama amewafukuza kwa mwiko, lakini vigingi vipo. Wewe uko huko huko serikalini, hebu tuambie tufanye nini."

Mama Kijani alikijua kile kitu cha kufanya. Alikuwa amekisoma mara mia kwenye karatasi ya kanuni. Akainuka, akafunga mlango wa chumba, akarudi kwenye simu.

"Wanachotaka ni miti," akasema. "Mwezi ujao mkaguzi atapita mara ya mwisho. Akikuta uoto haufiki nusu, analifuta eneo."

"Sijakuelewa, dada."

"Umenielewa."

"Sema mwenyewe. Mimi silisemi neno hilo hapa nyumbani."

"Kateni," akasema. "Ule msitu. Kateni."

"Na mama?"

"Mama msimwulize."

Siku tisa. Kitu kilichotunzwa tangu enzi za mabibi wa mabibi kilikwisha kwa siku tisa, kwa mapanga na mashoka ya watu walewale waliokuwa wakikitunza. Walikata huku wanalia, wengine walikata huku wanatukana, na mmoja alikuwa akiomba radhi kila mti. Kima walihama siku ya nne. Mama aliingia ndani ya nyumba siku ya kwanza aliposikia shoka, akafunga dirisha la nyuma, hakulifungua.

Mkaguzi akaja, akavitazama visiki, akaandika neno moja, akang'oa vigingi. Namba kumi na tisa ikafutwa. Na kwa kuwa hesabu haiwezi kubaki na tundu, kamati ikachukua bonde la pili, ng'ambo ya kilima, ambako watu hawakuwa na dada serikalini wa kuwanong'oneza, na miti yao ilikuwa bado imesimama. Safari hii Mama Kijani aliuliza kabla ya kushika kalamu. Nyumba tisa. Aliomba azichore, akaambiwa kanuni ni kumi. Akaweka nukta, akaunganisha kwa wino, akapaka kijani. Mtoto wa shule angekataa; yeye alipaka. Thelathini kamili, safari hii bila kurudia, imepimwa kwa haki. Fulana zikatoka tena. Yule mgeni wa miwani akaandika barua ya pongezi.

Alikwenda kwao wakati wa likizo. Mdogo wake alikuwa ameondoka alfajiri na madumu kwenye baiskeli. Mama alikuwa jikoni, amekaa kwenye kigoda, anachambua mboga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Chukua ndoo."

Hata mkoba hakuutua vizuri. Akachukua ndoo kama alivyokuwa akifanya akiwa na miaka minane, akapita katikati ya visiki na mahindi yaliyopandwa kwa haraka, yamedumaa, mekundu kwenye ncha. Chemchemi ilikuwa shimo la tope lenye maji kama ya kuoshea miguu. Akachota kwa kikombe, akasubiri yajae, akachota tena. Jua lilimwunguza shingoni. Zamani pale palikuwa na giza la baridi hata adhuhuri. Aliporudi, mama yake akachungulia ndani ya ndoo.

"Nusu?"

"Ndiyo yaliyopo, mama."

Mama akaendelea kuchambua. Baada ya muda akauliza, bila kuinua kichwa, "Nani aliwaambia wakate?"

Angeweza kumtaja mdogo wake. Angeweza kusema ni watu wa vigingi. "Ni mimi," akasema.

"Najua. Nilitaka nione kama bado unasema kweli."

"Nilitaka usihamishwe, mama. Nilitaka ubaki kwako."

"Wangenihamisha," mama akasema. "Ningelia. Ningekaa huko tambarare niwatukane mpaka nife, mzee hufa tu popote. Lakini ningejua chemchemi yangu ipo, inatoa maji, inanywesha hata kima. Sasa nimekaa hapa hapa, na kitu chenyewe hakipo. Nyumba umeniachia, mwanangu. Ahsante."

Ahsante ile, heri angempiga.

Mama Kijani akayachuja maji kwa kitambaa, akayachuja tena, akayachemsha, akayapoza, akammiminia mama yake kikombe akakiweka karibu na mkono wake. Mama alikitazama, akakisogeza pembeni ili apate nafasi ya mboga.